Sura Yangu Isikudanganye

Nashipai, mwanangu,

Umepanda Nkoaranga kumuaga bibi yako, na mama yako yuko kwaya. Nyumbani tumebaki mimi na ng'ombe, na kwa kuwa ng'ombe hajui kusoma, hii ndiyo nafasi yangu ya kuandika bila kuchunguliwa begani. Jua bado lipo, Meru imeshavaa wingu lake la alasiri, na nakisia utarudi jioni na mzigo wa ndizi mshale ambazo bibi atakufungia upande nazo ndege mpaka Ujerumani. Usibishane naye. Zipokee kwa mikono miwili, ziteremshe hapa Olasiti, nami nitakusaidia kuzisafirisha mpaka tumboni.

Mambo ya sweta, ya kula vizuri na ya kupiga simu kila Jumapili sitayagusa. Mama yako ameyasema, shangazi yako ameyarudia, mchungaji ameyaombea. Ukipata mafua huko itakuwa ni kwa ukaidi wako mwenyewe.

Mimi nina jambo moja tu, na nimelipata kwa njia isiyo nzuri. Alhamisi nilikuwa nje ya dirisha la jikoni nachota mkaa. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nachota mkaa taratibu, hilo nakubali.

Ukasema, “Mama, baba hataki niende.”

“Amekwambia?”

“Aniambie nini? Si unaiona sura?”

“Hiyo sura nimeolewa nayo,” mama yako akasema. “Siku ya harusi mchungaji alimuuliza mara mbili kama kweli amekubali. Alidhani kaletwa kwa nguvu.”

Akacheka. Wewe hukucheka. Ukasema bado unaweza kuwaandikia wale watu wa chuo wakusogezee mwaka mmoja, kwamba huwezi kuondoka umeniacha hivi. Tangu siku hiyo sanduku lako liko wazi chumbani, upande mmoja umejaa, upande mmoja mtupu, na ndege ni kesho. Sanduku la namna hiyo hata mimi naweza kulisoma.

Utauliza kwa nini nisikuite tu nikakwambia. Nilikuita. Ijumaa asubuhi, ukaja, ukasimama mlangoni, nikafungua mdomo, nikakuuliza kama umeiona bisibisi. Ukanitafutia bisibisi. Ninayo hapa mezani, sina kazi nayo. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kwenye karatasi uso hauingilii.

Acha nikwambie kwanza uso huu ulikotoka. Kwetu sisi Waarusha, kijana akikaribia jando anafundishwa mambo mengi, lakini lililo kubwa ni moja: siku ya kisu uso usicheze. Hata ukope usipepese. Wajomba wamesimama wanakutazama, wadogo zako wanakutazama, na ukikunja sura ukoo mzima utakukumbusha hilo mpaka uzeeni. Nilifanya mazoezi nikichunga ng'ombe, najifinya paja huku nimekaza macho kwenye mlima. Siku ilipofika nikafaulu vizuri kupita kiasi. Nikasifiwa, nikapewa mtamba. Shida ni kwamba hakuna mtu aliyerudi baadaye kuniambia kuwa sherehe imekwisha, sasa naweza kulegeza.

Na mtu mwenye uso huo ndiye aliyekwenda kufungua studio pale Themi, akaanza kula kwa kuwaambia wenzake watabasamu.

Upigaji picha sikuusomea. Nilijifunza kwa kuharibu picha za watu, na watu walikuwa wavumilivu. Baada ya kuharibu za kutosha nikajiona bingwa. Nilimjua bibi harusi aliyelia asubuhi, nilimjua mzee anayeficha pengo, na watoto ndio kabisa: mtoto akiingia tu studio nilijua huyu atacheka, huyu atalia, huyu ataikojolea mandhari yangu ya maporomoko ya maji. Kwa hiyo wewe ulipokuja mwaka jana ukaniambia mradi wenu unatafuta mtu wa kurekodi video za nyuso za watoto wa chekechea wakati wanacheza michezo ya kujifunzia, nilijivuna. Hukuniona nikijivuna, lakini nilijivuna.

Nakumbuka ule mkutano wa wazazi. Dokta Rehema, bosi wako, akainua ile kofia ya kitambaa yenye vidude vya mviringo kama vifungo vya koti, akaeleza kwamba mtoto ataivaa wakati anacheza mchezo wa kuhesabu kwenye tableti, na vile vifungo vitasikiliza umeme mdogo sana unaotoka kwenye ubongo, ili kujua ni wapi mtoto anafurahia somo na ni wapi anachoka au anaogopa. Kisha mama mmoja akanyoosha mkono: “Na mkikuta hamna kitu?”

“Kitu gani, mama?”

“Huko ndani. Mkikuta hamna kitu mtatuambia mbele za watu, au pembeni?”

Baba mwingine akataka kujua kama hiyo mashine inaweza kuona mambo yanayosemwa nyumbani. Alikuwa na wasiwasi wa kweli yule, na mke wake alikuwa na shauku ya kweli. Wewe ndiye uliyesimama ukawajibu. Ulisema, haisomi mawazo. Ni kama kusimama nje ya kanisa: unasikia kwamba wanaimba, unasikia wimbo umechangamka au umepoa, lakini maneno hayafiki. Kinachobaki ni kukisia, na tunakisia kwa adabu. Watu wakatikisa vichwa, wakakubali. Mimi nilikuwa nyuma kabisa nimeegemea ukuta. Uliponitazama uliona mzee amekasirika kwa sababu mkutano umechelewa. Ukweli ni kwamba niliegemea ukuta ule kwa sababu nilikuwa nimeibana mikono nyuma yangu isipige makofi. Binti yangu, umri huo, anazungumza na wazazi wenye nywele nyeupe, na wanasikiliza!

Halafu ikaja siku ya kwanza ya kazi, siku niliyoharibu kila kitu.

Watoto watatu walikuwa mezani, kofia kichwani, wanacheza ule mchezo wa kuvusha mbuzi mtoni: unahesabu mbuzi, unagusa namba, wanavuka. Wewe na Dokta na yule kijana wa kompyuta mko upande wa pili mnatazama mistari inavyopanda na kushuka. Mimi nikaingia na kamera yangu. Wale watoto wakaniona. Wakaacha mbuzi majini, wakasimama, wakainamisha vichwa, wote watatu, kama walivyofundishwa kwao kumwamkia mzee. Sasa mimi ningefanya nini? Mtoto anakupa kichwa, wewe unakiacha hewani? Nikaweka mkono juu ya kila kofia, mmoja mmoja, polepole, na kuwatakia heri.

Kule upande wa pili kijana wa kompyuta akaruka kutoka kwenye kiti. “Dokta! Dokta, njoo uone! Watoto wamefurahi, haijawahi kutokea!”

Mistari ilikuwa imepanda mpaka juu ya kioo. Dokta Rehema akaja mbio. Na wewe, kwa ile sauti yako ya mtu anayesoma bei ya sukari, ukasema, “Hiyo si furaha. Hiyo ni baba.”

Dokta alicheka mpaka akavua miwani. Mkakata kile kipande chote mkakitupa, kwa maana mkono ukigusa vile vifungo, mashine haisikii tena ubongo, inasikia mkono. Hiyo mnaiita kelele. Kuanzia hapo ukaweka utaratibu: salamu zote mlangoni kabla ya kofia, na mimi nikiwa ndani nitembee mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Nilitii. Lakini neno lile lilinikaa. Maisha yangu yote nimeweka mkono kichwani mwa watoto nikidhani nawabariki, kumbe nilikuwa nawapigia kelele.

Sasa nifike kwa Naserian.

Unamkumbuka, miaka mitano, mdogo kuliko wenzake, sura kavu kama ukuta wa benki. Kazi yangu ilikuwa kutazama video na kuandika, kipande kwa kipande, huyu amefurahi, huyu amechoka, huyu anaogopa, ili ninyi mlinganishe na kile ambacho kofia imesikia. Kwa wengine mimi na kofia tulikwenda pamoja vizuri. Kwa Naserian niliandika amechoka, amechoka, amechoka, mpaka mwisho. Siku moja hata nilimhurumia, nikamwinamia nikamuuliza, “Umechoka, mama?”

Akanijibu bila kugeuka, “Babu, usinisemeshe. Mbuzi wanavuka.”

Hilo la kuniita babu nilimsamehe baadaye. Jibu lake nilidhani ni adabu mbaya tu. Niliendelea kuandika amechoka.

Ukaja na karatasi zangu. “Baba, huyu kofia inasema yumo ndani kabisa ya mchezo. Wewe unasema amechoka.”

“Mashine yenu mbovu. Mtazame uso.”

“Nimeutazama. Miguu yake iko wapi?”

“Miguu ya nini? Mmeniambia nyuso.”

“Rekodi tena. Rudi nyuma, mtoe mzima.”

Nikarudi nyuma, nikamtoa mzima, kwa kukuridhisha. Na pale chini ya meza, Nashipai, kulikuwa na ngoma! Alikuwa amevua viatu. Mbuzi wakikaribia maji vidole vinajikunja, wakianza kuvuka vinapepea, akipatia namba vinatawanyika kama vifaranga. Juu ukuta wa benki, chini harusi. Dokta akatuonya tusikimbilie kufurahi, huenda mtoto ana haja ndogo. Na kweli mara moja ilikuwa haja ndogo, tukachelewa, ukapiga deki. Lakini zile nyingine zote alibaki kitini, na tulipozima tableti akauliza kesho tunakuja saa ngapi.

Nilikaa nikiitazama ile video pamoja nawe. Kisha, sijui kwa nini, nikachungulia chini ya meza yetu sisi. Kandambili zako zilikuwa pembeni. Vidole vyako vilikuwa vinacheza.

Usiku ule, na kesho yake, na wiki nzima nilikuwa natembea nimeinama kama niliyepoteza sarafu. Ulipokula loshoro ya mama yako yenye maziwa mgando nilitazama chini. Umeme ulipokatika katikati ya kazi yako nilitazama chini. Tulikupa jina la furaha, Nashipai, halafu ukatoka na sura yangu, na kwa miaka yote hiyo nilidhani jina lilikosea mlango. Zawadi nilizokupa ukazitazama kama mtu anayepokea risiti, nikasema moyoni, haya, hakuipenda. Kumbe furaha ilikuwepo, imeshukia miguuni. Na mimi, mpiga picha bingwa, nimekupiga picha tangu ukiwa mchanga, na zote nimezikata kiunoni.

Ndipo ile barua ikaja, ya kwamba umepata nafasi ya kwenda kusomea mawimbi hayo ya ubongo wa watoto, huko wanakotengeneza hizo kofia.

Uliingia uani na simu mkononi. Mimi nilikuwa natoka zizini. Ukasema, “Baba, wamenikubali.” Uso: hakuna. Lakini safari hii nilijua pa kutazama. Nikatazama chini, na vidole vyako, mwanangu, vilikuwa vinarusha vumbi. Nilijua palepale. Nilijua kuliko nilivyowahi kujua chochote kuhusu wewe.

Nikafanya nini? Nikasema, “Sawa. Luku imebaki ngapi?”

Ndivyo nilivyosema. Nimejisikiliza mara nyingi tangu siku ile na bado silielewi swali lile. Umeme ulikuwepo wa kutosha. Wewe ukanitazama usoni, kwa sababu ndipo watu wanapotazama, ukaona kile ambacho wajomba waliniachia, ukaenda kuangalia luku.

Sasa nikwambie sehemu usiyoijua. Ulipoingia ndani nilirudi zizini nikafunga mlango. Nikaruka. Niliruka ule mruko wetu wa ujanani, wima, mikono ubavuni, visigino visiguse chini, mtu wa umri wangu na mgongo wangu. Nikaruka mpaka kofia ikaanguka kwenye samadi. Nikaiokota, nikaivaa, nikaruka tena. Ng'ombe ni shahidi. Aliacha kucheua, na yule hajawahi kuacha kucheua kwa ajili ya mtu yeyote. Kisha nikajipangusa, nikatoka na sura yangu, nikaja kukuuliza kama uniti zinatosha mpaka Jumatatu.

Na miguu yangu hukuiona hata wewe, kwa sababu nilikuwa nimevaa mabuti ya zizini. Vidole vyangu vilicheza gizani mle, peke yao. Wewe unayejua kumtoa mtoto mzima kwenye picha, mimi ulinikata kiunoni! Tumekuwa sare, basi. Sikulaumu, hata Dokta Rehema hana kofia ya kupenya buti.

Huko Themi ukipita leo utaona picha yako kwenye kioo cha studio, kubwa, katikati, mahali pa maharusi. Nimeiweka tangu wiki ile. Kila anayekuja kupiga pasipoti anasimuliwa. Kuna mzee mmoja alikuja kwa picha nne tu, nikamweleza habari ya kofia, mawimbi, mbuzi na mto mpaka akaniuliza kama picha zake nitampa leo au mpaka binti arudi. Mama yako anasema huko mjini mimi ni redio, nikifika getini naishiwa betri. Ni kweli. Watu wote wanajua nimefurahi isipokuwa wewe.

Nina mawili matatu zaidi, kisha nikuache ufunge sanduku.

Huko uendako watakusoma vibaya. Watadhani umechukia chakula chao, umechoshwa na hadithi zao, humtaki rafiki aliyekuja kubisha hodi. Hawataanza kuchungulia chini ya meza kama mimi, ni kazi ya kipuuzi na inachukua miaka. Waambie kwa mdomo. Mimi nimeishi bila kusema nikidhani kilichomo moyoni kinaonekana. Hakikuonekana. Ningekuwa na uso mwingine ningekuwa mtu wa raha zaidi, lakini mdomo nilikuwa nao siku zote.

Na wakikupa mashine kubwa kuliko ile ya chekechea, yenye rangi nyingi na majibu ya haraka, ifurahie, mimi mwenyewe natamani kuiona! Lakini kila inapokwambia mtoto fulani amechoka, umkumbuke Naserian, umuulize mtoto mwenyewe. Akikwambia usimsemeshe, ondoka taratibu.

Jambo la kuahirisha mwaka mmoja sitaki kulisikia. Si kwa ukali. Ukiahirisha itabidi niruke tena mwakani, na mgongo hauna mwaka mwingine.

Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, kile cha safari, maana nimegundua kwako mambo muhimu yote hupitia huko.

Kesho tutakuwa uwanja wa ndege, KIA, nje ya ule mlango ambao sisi wasindikizaji haturuhusiwi kuuvuka. Mama yako atalia, shangazi yako atapiga picha mbaya. Mimi nitakuwa na sura hiihii, nimeijaribu kwenye kioo asubuhi hii na imegoma. Lakini nitakuja na kandambili. Mama yako ameshapata habari. Amesema nitamtia mtoto aibu mbele ya wazungu. Nimemwambia suti nitaivaa, tai nitaifunga, viatu hapana.

Utakuja kuniaga. Utainamisha kichwa kama ulivyofanya tangu ukiwa mdogo, nami nitaweka mkono juu yake, hakuna kofia, hakuna mashine, na hicho kipande usikikate. Usiwe na haraka ya kuinuka. Ukiwa umeinama hapohapo, fumbua macho, utazame miguu yangu.

Baba yako, wa Olasiti